BERNARD HERRMANN, FUNDI ALIYEITIA PICHA MOYO

Bibi arusi hajaonekana, wala kungwi hajatoka mlangoni, lakini zumari ikisikika mtaa wa pili watu wote hujua kuna furaha inakuja, na hata aliye na simanzi yake moyoni hujikuta anatikisa kichwa. Siwa nayo ikipulizwa, hali hugeuka mara moja: migongo hunyooka, mazungumzo hukatika, na kila mtu akakaa kwa heshima yake. Neno halijasemwa na kitu hakijaonekana. Sikio limetangulia, moyo umefuata, na jicho limekuja nyuma.

Sinema nayo ina zumari yake na siwa yake. Mtu huinuka mbele ya picha macho yamemwiva kwa machozi, akausifu uzuri wa mchezaji, akamsifu na aliyeshika kamera. Yule aliyemliza hasa hamtaji, kwani hakumwona. Yeye alikaa nyuma ya picha na fidla zake na tarumbeta zake, akafanya kazi yake gizani, na jina lake likapita mbele ya macho ya watu kabla hawajatulia vitini.

Leo, ndugu msomaji, napenda nikusimulie maisha ya mmoja katika hao wa gizani, naye ni Bernard Herrmann wa Marekani, aliyefariki mwaka 1975. Ile hoja ya ala, halali yake na karaha yake, nawaachia wanazuoni ambao ndio wenyewe. Mimi nazungumza juu ya kazi ya fundi na athari yake juu ya nyoyo za watu. Na nimemchagua huyu kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuna aliyejua kuliko yeye vipi sauti inavyoweza kumwambia mtazamaji jambo ambalo picha haikusema. Ya pili, mtu huyu wa mbali kalamu yake ilipita karibu na kwetu: aliutungia muziki mlima Kilimanjaro, na alimtungia muziki nahodha wetu wa hadithi za utotoni, Sindbadi.

MTOTO WA MPIMA MACHO

Herrmann alizaliwa mjini New York tarehe 29 Juni 1911, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Urusi. Baba yake kazi yake ilikuwa kupima watu macho na kuwapa miwani, walakini alipenda mno muziki na vitabu, akamfunza mwanawe fidla na kumchukua kwenda kusikiliza opera, yaani ile michezo ya kuigiza ambayo maneno yake huimbwa. Ni kama kwamba Mola aliigawa kazi nyumba ile: baba awatazamie watu macho yao, na mwana awatazamie masikio.

Alipokuwa na umri wa miaka 13 alishinda zawadi kwa wimbo alioutunga mwenyewe, na tangu hapo hakutaka kazi nyingine. Akasoma katika Chuo Kikuu cha New York na katika chuo cha muziki cha Juilliard, na alipofikia miaka kama 20 tayari alikuwa ameunda okestra yake ndogo na kuiongoza mwenyewe. Alikuwa kijana wa vitabu, mwenye kupenda mambo ya Waingereza wa kale, na mwenye ulimi mkali. Akiona kazi mbovu husema ni mbovu, na husema mbele ya mwenyewe. Tabia hiyo hakuiacha hata kufa kwake, na mbele tutaona ilimgharimu nini.

Mwaka 1934 alipata kazi katika shirika la redio la CBS. Nakuomba msomaji uitie akilini hiyo redio, maana ndiyo iliyokuwa chuo chake cha pili na kikubwa zaidi. Katika mchezo wa redio hakuna uso wa kutazama. Usiku ukiingia lazima sikio lijue ni usiku. Mtu akiwa peke yake chumbani, lazima sikio lione chumba na lione upweke. Na muda wenyewe ni mchache: baina ya neno na neno fundi wa muziki hupewa nukta tano au kumi, na katika nukta hizo ajenge nyumba nzima. Herrmann aliifanya kazi hiyo wiki baada ya wiki kwa miaka, akajifunza kwamba sauti mbili tatu zilizowekwa mahali pake hufanya kazi kuliko wimbo mrefu uliowekwa pasipo pake.

Huko redioni ndiko alikokutana na kijana mwingine hodari, Orson Welles. Tarehe 30 Oktoba 1938 walitoa mchezo wa kubuni juu ya viumbe kutoka sayari ya Mirihi waliovamia Marekani. Mchezo ulifanywa kama matangazo ya kawaida: okestra ya kuchezea dansi inapiga, kisha inakatizwa na taarifa ya habari, kisha dansi inarudi, kisha taarifa nyingine ya kutisha zaidi. Baadhi ya wasikilizaji wakaamini ni kweli, wakaingiwa na hofu. Aliyeiongoza okestra ile usiku huo alikuwa Herrmann. Utaona kwamba hata ule muziki wa dansi, mtulivu na usio na lolote, ulikuwa sehemu ya hila: utulivu wake ndio uliowafanya watu wautishike ukimya uliofuata.

MEZA YA CHAI ASUBUHI

Welles alipoitwa Hollywood kutengeneza filamu yake ya kwanza, alimchukua Herrmann. Filamu hiyo ni Citizen Kane, iliyotoka mwaka 1941, na mpaka leo wajuzi wengi huihesabu miongoni mwa filamu bora zilizopata kutengenezwa. Ni kisa cha tajiri wa magazeti aliyepata kila kitu akafa hana mtu.

Ndani yake mna sehemu moja ambayo mimi huitaja kila nikiulizwa muziki una kazi gani katika picha. Ni mume na mke mezani asubuhi, wanakunywa chai. Kwanza ndio wameoana, wametoka dansini, wanatazamana kwa huba. Na muziki ni wa walzi, ile ngoma ya Kizungu ya wawili wawili, laini kama hariri. Picha inapita, ni asubuhi nyingine, mwaka mwingine. Meza ni ile ile, na walzi ni ule ule, ila umeharakishwa kidogo, umeingiwa na kero. Asubuhi nyingine tena, sasa maneno yana makali, na walzi umekonda. Mwisho wake mke anasoma gazeti la mpinzani wa mumewe, mume kanyamaza, na ule wimbo wa mapenzi umebaki mifupa mitupu. Ndoa imezaliwa na kufa kwa dakika chache tu. Macho yameona watu wawili wanakunywa chai. Ni sikio lililoshuhudia mapenzi yakipoa.

Mwaka ule ule wa 1941 alitunga muziki wa filamu nyingine, All That Money Can Buy, kisa cha mkulima aliyemwuzia shetani roho yake, na hiyo ndiyo iliyompatia tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, akaishinda Citizen Kane yake mwenyewe iliyokuwa katika mashindano hayo hayo. Oscar nyingine hakupata maisha yake yote.

Na haukupita muda akaionyesha dunia namna alivyo. Filamu ya pili ya Welles, The Magnificent Ambersons ya mwaka 1942, wenye studio waliikata-kata, na muziki mwingi wa Herrmann ukatupwa na kutiwa wa mtu mwingine. Herrmann akaamuru jina lake liondolewe katika filamu. Wengine wangelitaka jina libaki, wapate sifa na malipo. Yeye aliona kazi iliyokatwa si yake tena.

KUCHAGUA ALA KAMA KUCHAGUA MANENO

Hollywood ya siku zile ilikuwa na desturi zake. Mtunzi hutunga wimbo, kisha humpa mtu mwingine augawe kwa ala: fidla zipige hiki, filimbi zipige kile. Na okestra yenyewe ilikuwa ni ile ile kwa kila filamu, iwe ya mapenzi iwe ya vita. Herrmann alizikataa desturi zote mbili. Kila ala katika muziki wake aliipangia mwenyewe, na kila filamu aliiundia okestra yake.

Mwaka 1951, katika filamu ya mgeni aliyeshuka kutoka mbinguni, The Day the Earth Stood Still, alitumia theremini mbili. Hiyo ni ala ya umeme isiyoguswa kabisa. Mpigaji hupitisha mikono yake hewani nayo ikalia kama jini anayeomboleza. Mwaka 1953, katika filamu ya wapiga mbizi wa sponji baharini, Beneath the 12-Mile Reef, alikusanya vinubi 9, na anayesikiliza anajua hasa maji yalivyo huko chini nuru isikofika. Mwaka 1959, katika safari ya kwenda kwenye kitovu cha dunia, alizitoa fidla zote na kuweka vinanda vikubwa vya kanisani.

Sisi watunzi wa mashairi tunaifahamu kazi hii. Neno moja si sawa na jingine hata kama maana ni moja: majonzi na simanzi na jitimai ni ndugu, lakini kila mmoja ana mahali pake pa kukaa. Vivyo hivyo alikuwa Herrmann kwa ala. Na kama mshairi, hakupenda kusema mengi. Aghalabu nyimbo zake hazikuwa na mahadhi marefu ya kuimbika. Zilikuwa ni vipande vifupi, sauti mbili au nne, vikirudiwa na kurudiwa, kila mara vimegeuzwa kidogo, kama kibwagizo ambacho kila kikirudi huwa kizito zaidi kwa yale yaliyotajwa katikati.

Mwaka 1952 aliutungia muziki mlima unaoonekana kutoka Taveta na Loitokitok. Filamu ni The Snows of Kilimanjaro, iliyotokana na hadithi ya Ernest Hemingway: mwandishi mmoja, aliyechezwa na Gregory Peck, amelala mgonjwa kambini mguu umemwoza, mlima uko mbele yake, naye anakumbuka wanawake aliowapenda na vitabu ambavyo hakuviandika. Mwaka uliofuata akatunga muziki wa White Witch Doctor, kisa cha muuguzi wa kizungu nchini Kongo, akaingiza ngoma nyingi ndani yake. Filamu hizo zilitutazama Waafrika kwa jicho la siku zake, na sina haja ya kuzipamba. Lakini katika ile ya Kilimanjaro mna walzi wa kumbukumbu ambao hauna bara wala kabila. Ni majuto ya mtu aliyeuchezea umri wake. Yeyote aliyefika makamo yangu akiusikia, ataweka kikombe chini.

HERRMANN NA HITCHCOCK

Sasa twende kwa yule bwana ambaye jina lake haliwezi kutengwa na la Herrmann: Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyehamia Hollywood na kuwa sultani wa filamu za hofu. Walianza kazi pamoja mwaka 1955. Hitchcock alikuwa mtulivu, mwenye mpango na hesabu. Herrmann alikuwa moto wa makumbi. Kwa miaka kumi moto na maji vikakaa chungu kimoja.

Katika The Man Who Knew Too Much ya mwaka 1956, kisa kinaanzia Marrakech huko Moroko na kuishia London, ndani ya ukumbi wa Royal Albert Hall. Muuaji amejificha, na ameambiwa apige bastola pale matoazi yatakapogongwa ili mlio usisikike. Dakika kadha wa kadha hakuna neno linalosemwa. Okestra inapiga, kwaya inaimba, mama wa mtoto aliyetekwa anajua na hawezi kusema, nasi tunayangoja matoazi kama mtu anayengoja hukumu. Anayeongoza okestra ile mbele ya macho yetu ni Herrmann mwenyewe. Na muziki ule si wake. Ulitungwa na Arthur Benjamin kwa filamu ya kwanza ya kisa hicho hicho mwaka 1934. Herrmann alipewa nafasi ya kutunga mwingine akaona ule unafaa, akauacha. Huyu waliyemwita jeuri na mwenye majivuno alijua kuiheshimu kazi njema ya mwenziwe.

Mwaka 1958 ikaja Vertigo. Mwanamume amempenda mwanamke akampoteza. Akampata mwingine anayefanana naye, akamshikilia avae nguo zile zile, atengeneze nywele vile vile, mpaka mfu arudi. Pale mwanamke anapotoka chumbani amekamilika, haneni mtu. Fidla zinapanda, zinarudi, zinapanda tena, hazifiki. Na mtazamaji anapata kujua kwamba huyu bwana hampendi mtu, anapenda kaburi. Ingalisemwa kwa maneno, ingekuwa hotuba.

Kisha Psycho, mwaka 1960. Filamu ya fedha chache, nyeusi na nyeupe. Herrmann akaiambia nafsi yake kwamba picha isiyo na rangi ipewe sauti isiyo na rangi. Akaondoa tarumbeta, akaondoa filimbi, akaondoa ngoma, akabakisha ala za nyuzi peke yake, fidla na ndugu zake wakubwa. Ni fidla zile zile zilizoingia katika tarabu yetu tangu enzi ya Ikhwani Safaa ya Unguja iliyoundwa mwaka 1905, zile tunazozijua kwa kubembeleza. Yeye alizifanya zikate.

Mwanzoni mwa filamu hiyo karani mmoja wa kike amepewa dola 40,000 azipeleke benki, akatoroka nazo kwa gari. Nilipokuwa na filamu hiyo kwa kaseti ya video, siku moja nilifanya jaribio, nikaifunga sauti sehemu hiyo. Nikamwona mwanamke anaendesha gari. Basi, hakuna zaidi. Mvua inanyesha, kipangusio cha kioo kinakwenda huku na huku, angeweza kuwa anakwenda kununua mkate. Nikaifungua sauti, na fidla zikaanza kumfukuza. Nikauona wizi, nikaiona hofu, nikaiona na adhabu inayomngoja mbele ya safari ambayo yeye mwenyewe hajaijua. Picha ilikuwa ni ile ile.

Na ile sehemu mashuhuri ya bafuni, mwanamke huyo anapouawa kwa kisu, Hitchcock alikuwa ameagiza isiwe na muziki hata kidogo. Maji yanayotiririka na ukelele vingetosha. Herrmann akatunga hivyo hivyo. Hitchcock alipoitazama kazi yake haikumridhisha, na akasikilizishwa kile alichokataza. Fidla zinalia juu kabisa, kali na fupi, kama ndege aliyekamatwa, tena na tena. Akakubali palepale. Tangu siku hiyo dunia nzima inazijua sauti zile, hata watu ambao hawajapata kuiona filamu yenyewe. Na Hitchcock, ambaye hakuwa mwepesi wa kumgawia mtu sifa, inasimuliwa alikiri kwamba thuluthi ya nguvu ya Psycho ilitokana na muziki.

Fundi wa sauti pia hujua thamani ya kunyamaza. Katika The Birds ya mwaka 1963, ambamo ndege huwashambulia watu, Herrmann alikuwa mshauri, na filamu haikupewa muziki wowote wa kuisindikiza. Ni milio ya ndege tu, mingi yake ikiwa imetengenezwa kwa mitambo, na ukimya. Huo nao ulikuwa utunzi.

SAFARI YA SINDBADI

Baina ya hizo za hofu, mwaka 1958, akatunga muziki wa The 7th Voyage of Sinbad. Hapa ndipo sisi watoto wa pwani tulipokutana naye bila ya kumjua. Nani kwetu hakulelewa na Sindbadi? Nyanya zetu walitusimulia Alfu Lela Ulela kabla hatujajua kusoma: jitu la jicho moja, na ndege Rukhu ambaye wasafiri wa kale walidai makao yake ni upande wa Bukini, kusini kwetu hapa. Katika filamu hiyo sanamu za Ray Harryhausen zilitiwa uhai kwa kupigwa picha moja baada ya moja, na baadhi ya majumba yanayoonekana ni ya kasri ya Alhambra kule Granada, mabaki ya fahari ya Waislamu wa Andalusia.

Sindbadi anapigana na kiunzi cha mifupa ya mtu kilichoshika upanga. Mchezo wa kitoto, utasema, sanamu ndogo iliyokuzwa. Lakini Herrmann alizitoa fidla, akatia marimba ya Kizungu na vibao vya kugonganisha, na ala za shaba zikiunguruma chini. Ukisikia ni mifupa inayogongana, tena ni ngoma, tena ni mauti inayocheza. Mtoto anatetemeka, na mtu mzima anasahau kwamba ni sanamu. Herrmann hakuidharau kazi kwa kuwa ni ya watoto. Aliipa jasho lile lile alilompa Hitchcock.

MSEMA KWELI HANA WAJOLI

Miaka ya sitini upepo ukageuka. Nyimbo za vijana zilikuwa zinauzwa kwa maelfu katika sahani za santuri, na wenye studio wakataka kila filamu iwe na wimbo wa kuuzika. Mwaka 1966 Hitchcock alikuwa anatengeneza Torn Curtain, akamtaka Herrmann atunge kitu chepesi cha wakati huo. Herrmann akaitikia, kisha akaenda kutunga alichoona kisa kinakitaka. Akaja na pembe za shaba 16, filimbi 12, tromboni 9, na fidla hata moja hamna. Hitchcock akafika studio siku ya kurekodi, akasikia kidogo tu, akasimamisha kazi mbele ya wapigaji wote. Muziki ule ukaachwa, akatafutwa mtunzi mwingine.

Urafiki wa miaka kumi ukafa siku moja, na hawakupatana tena mpaka mauti. Nimelifikiri sana jambo hili. Hitchcock alikuwa na deni la studio juu ya mabega yake, na filamu ilikuwa ni yake. Herrmann alijua kwamba muziki unaotungwa kwa ajili ya duka husikika kuwa wa duka, na moyo wa mtazamaji haudanganyiki. Kila mmoja alikuwa na neno lake. Ila filamu ile leo ni wachache wanaoikumbuka, na muziki uliokataliwa umerekodiwa baadaye na unasikilizwa peke yake.

Herrmann akahamia London kwa uchungu. Mwaka huo huo wa 1966 alirekodi kwa fedha zake mwenyewe opera aliyoifanyia kazi miaka minane, tangu 1943 hata 1951, iliyotokana na riwaya ya Emily Brontë, Wuthering Heights. Hiyo ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote, na hakujaliwa kuiona jukwaani. Ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1982, yeye kesha tangulia.

Lakini riziki ya fundi haikatiki. Mfaransa François Truffaut, aliyekuwa mfuasi mkubwa wa Hitchcock, alimwita kutunga muziki wa Fahrenheit 451, mwaka huo huo. Ni kisa cha nchi ambayo vitabu vimeharimishwa na huchomwa moto, na watu wachache wamekimbilia msituni, kila mmoja amehifadhi kitabu kimoja kwa moyo ili kisipotee. Mwisho wa filamu wanatembea kwenye theluji, kila mtu anasoma chake kwa sauti, mzee anamfunza kijana kabla hajafa. Sisi tuliopitia chuoni, tuliojua watu ambao kitabu kizima kimekaa vifuani mwao, tunaitazama sehemu ile kwa jicho letu wenyewe. Na Herrmann hakuitia shangwe wala maombolezo. Nyuzi na vinubi vinashuka taratibu kama theluji yenyewe, kwa upole na kwa heshima. Sijui muziki mwingine wa filamu unaouheshimu uhifadhi kama ule.

USIKU WA MWISHO

Miaka ya sabini vijana wa Marekani waliokua wakizitazama filamu za Hitchcock wakawa watengenezaji wao wenyewe, wakamtafuta mzee. Brian De Palma akampa kazi, kisha Martin Scorsese akamwita kwa Taxi Driver, kisa cha dereva wa teksi wa New York aliye peke yake usiku kucha katika mji uliojaa watu. Herrmann, aliyezaliwa katika mji huo, akampa dereva yule saksafoni yenye huba ya kale, na chini yake ala za shaba na ngoma zinazopumua kama mnyama. Mtu huyo hasemi upweke wake. Saksafoni inamsemea.

Alikuwa mgonjwa wa moyo wakati huo, lakini alisafiri kutoka London akaja kusimamia kazi. Kurekodi kulimalizika tarehe 23 Desemba 1975. Akarudi hotelini, akalala, na usiku ule ule, kuamkia tarehe 24, akafariki usingizini, umri wake miaka 64. Filamu ilipotoka mwaka 1976 ilitunukiwa kwake. Ilipofika zamu ya tuzo za Oscar, jina la marehemu lilikuwa katika orodha mara mbili, kwa Taxi Driver na kwa Obsession ya De Palma, na tuzo ikenda kwa mwingine.

Yapata nusu karne sasa, na fidla zile za Psycho bado zinawaamsha watu usingizini. Vijana wetu wa leo, pwani na bara, wanatengeneza filamu na michezo ya televisheni kwa juhudi, nami nafurahi. Aghalabu hununua picha kwa gharama, muziki wakauokota popote, wakaumwaga juu ya picha kama mchuzi juu ya wali. Ningependa wamjue huyu mzee aliyekaa akauliza, kabla hajaandika sauti moja, huyu mtu katika picha ana nini moyoni ambacho hakisemi. Na wewe msomaji, siku utakapotoka machozi mbele ya filamu, ngoja mwisho wake majina yanapopita. Mtafute aliyetunga muziki, ulisome jina lake, kwani yeye ndiye aliyekufikia wa kwanza.